Kosa la Rubani Huanzia Wapi?

Kila ndege inapoanguka, swali la kwanza linaloulizwa na wafiwa, waandishi wa habari na watu wa kawaida ni nani aliyekosea, na mara nyingi jibu hutolewa kwa maneno matatu tu, kosa la rubani, ambayo hupokelewa kana kwamba yamemaliza kila kitu. Wataalamu wa usalama wa safari za anga wamejifunza, kwa gharama ya roho nyingi, kwamba maneno hayo yanapotamkwa ndipo uchunguzi unapoanza. Wahenga waliposema kwamba kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, walikuwa wakimwonya mtu mmoja mmoja aliyekosea na kusalimika. Angani hali ni tofauti, kwa kuwa rubani aliyekosea mara nyingi hapati nafasi ya kurudia, na anayelirudia kosa lake ni mtu mwingine, katika ndege nyingine na nchi nyingine, ambaye pengine hakuwahi kulisikia jina la yule wa kwanza. Kosa linaporudiwa na watu wasiojuana, aliyerudia ni yule aliyekuwa na nafasi ya kujifunza kutokana na ajali ya kwanza, awe mtengenezaji wa ndege, shirika la ndege, mkufunzi au mamlaka ya serikali.

Kuteleza, kughafilika, kukosea na kukiuka

Kosa la kibinadamu, kwa maana inayotumiwa na wachunguzi wa ajali, ni tendo la mtu, au kuacha kwake kutenda, ambako kumezaa matokeo ambayo yeye mwenyewe hakuyakusudia. James Reason, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza, ambaye kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu makosa ya binadamu kimekuwa msingi wa taaluma hii, aliyagawa matendo hayo katika mafungu ambayo mzungumzaji wa Kiswahili huyatofautisha kila siku bila kufundishwa. Fungu la kwanza ni kuteleza, pale mtu anapojua la kufanya lakini mkono ukafanya jingine, kama mtu anayetia chumvi katika chai akidhani ameshika kopo la sukari. La pili ni kughafilika, ambapo kumbukumbu humpita mtu katikati ya kazi na hatua moja ikarukwa. La tatu ni kukosea uamuzi, yaani kutekeleza kwa ufasaha mpango ambao wenyewe haukuwa sahihi, na la nne ni kukiuka, ambako mtu huiacha kanuni kwa kujua, mara nyingi kwa haraka au kwa sababu amewaona wenzake wote wakifanya hivyo.

Mgawanyo huu una manufaa kwa sababu kila fungu lina dawa yake. Aliyekosea uamuzi huenda akasaidiwa na mafunzo, lakini anayeteleza hahitaji kufundishwa upya, kwa kuwa wanaoteleza zaidi ni mabingwa, ambao mikono yao imeizoea kazi kiasi cha kuifanya bila kufikiri. Vivyo hivyo, adhabu haimzuii mtu kughafilika, kwani hakuna anayepanga kusahau. Rubani anayejua kwamba uhai wake mwenyewe umo hatarini pamoja na wa abiria wake ana sababu ya kutosha ya kuwa makini, na akikosea pamoja na sababu hiyo, kuna jambo jingine lililomzidi nguvu.

Swichi mbili zilizofanana

Mfano wa mapema wa ukweli huu unatokana na ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu iliyojulikana kama B-17. Mnamo tarehe 30 Oktoba 1935, ndege ya kwanza ya aina hiyo ilipokuwa katika majaribio karibu na mji wa Dayton, jimbo la Ohio, ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuwaka moto, na marubani wawili wakapoteza maisha. Uchunguzi uligundua kwamba injini zote zilikuwa nzima, ila kufuli linalozuia sehemu za usukani za mkiani zisipeperushwe na upepo ndege inapoegeshwa halikuwa limefunguliwa kabla ya kuondoka. Aliyeirusha alikuwa rubani wa majaribio mwenye uzoefu mkubwa, na hivyo waliobaki waliona wazi kwamba ndege ilikuwa imepata hatua nyingi kuliko zile ambazo kumbukumbu ya mtu, hata awe hodari vipi, inaweza kuzibeba bila kudondosha hata moja. Wakaandika orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kupaa, angani na kabla ya kutua, na orodha za namna hiyo zinasomwa hadi leo katika kila ndege ya abiria duniani.

Ndege hiyohiyo ilitoa somo la pili wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale marubani wake walipokuwa wakitua salama na kisha, ndege ikiwa bado inakwenda kasi ardhini, wakayakunja magurudumu na kuifanya iburure tumbo. Jeshi liliweza kuendelea kuandika kosa la rubani katika kila faili, lakini mwanasaikolojia kijana aliyeitwa Alphonse Chapanis alipoingia ndani ya ndege alikuta kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vinavyopunguza mwendo wakati wa kutua zilikuwa zimepangwa jirani na zilifanana kabisa kwa umbo. Marubani wa ndege nyingine, ambazo vidhibiti hivyo havikufanana, hawakuwa na tatizo hilo. Suluhisho lake lilikuwa kubandika kijigurudumu cha mpira kwenye kidhibiti cha magurudumu na kipande chenye umbo la kibawa kwenye kile kingine, ili vidole vitambue hata gizani, na tabia iliyokuwa imeitwa uzembe ikatoweka bila rubani yeyote kuadhibiwa. Kanuni za utengenezaji wa ndege za abiria bado zinadai maumbo hayo hadi sasa.

Ukungu wa Tenerife

Ajali iliyoua watu wengi zaidi katika historia ya usafiri wa anga ilitokea ardhini, tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kwenye kisiwa cha Tenerife, ambacho ni sehemu ya Hispania, pale ndege mbili kubwa za aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, zilipogongana na kuua watu 583. Nahodha wa ndege ya KLM aliianza mbio ya kupaa bila kuruhusiwa na mnara, na kwa kipimo cha maneno matatu hadithi ingeishia hapo. Hata hivyo, mtu anayeufuatilia mchana ule saa kwa saa hukuta kwamba kosa la nahodha lilikuwa tone la mwisho katika chombo kilichokuwa kimeshajaa.

Ndege zote mbili zilikuwa zikienda kisiwa jirani cha Gran Canaria, lakini bomu lililolipuka katika uwanja wa huko lilizilazimisha ndege nyingi kutua Los Rodeos, uwanja mdogo wenye barabara moja tu ya kurukia. Kwa kuwa ndege zilizoegeshwa ziliziba njia ya pembeni, zilizotaka kuondoka zililazimika kutembea juu ya barabara yenyewe ya kurukia. Uwanja uko kwenye miinuko ambako mawingu hushuka hadi ardhini, na alasiri hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ndege hizo mbili hazikuonana, wala mwongoza ndege aliyekuwa mnarani hakuziona, na rada ya kuonyesha ndege zilizo ardhini haikuwepo. Nahodha wa KLM alikuwa pia akibanwa na sheria kali za nchi yake kuhusu saa za kazi, ambazo zingemzuia kuondoka kama angechelewa zaidi.

Rubani msaidizi wake alipokuwa akiyarudia maelekezo ya njia waliyopewa na mnara, alimalizia kwa maneno yaliyoweza kumaanisha kwamba wako tayari kupaa au kwamba wameshaanza kupaa, na mwongoza ndege akaitikia kwa neno moja la kukubali kabla ya kuongeza kwamba wasubiri hadi waitwe. Katika nukta hiyohiyo wafanyakazi wa Pan Am nao walitangaza kwamba bado wako barabarani, na kwa kuwa redio hizo hazikuweza kubeba sauti mbili kwa wakati mmoja, ujumbe wote wawili uligongana na kusikika ndani ya ndege ya KLM kama mlio mkali. Mhandisi wa ndege aliyekuwa ameketi nyuma ya nahodha aliuliza kama ile ya Pan American haijaondoka barabarani, na nahodha, ambaye alikuwa mkuu wa mafunzo ya ndege za aina hiyo katika shirika lake, akajibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Hakuna aliyeuliza tena.

Baada ya ajali hiyo, lugha ya redio ilibadilishwa duniani kote. Neno la kupaa sasa hutamkwa tu pale ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa, na katika mazungumzo mengine yote hutumiwa neno la kuondoka, huku rubani akitakiwa kuyarudia maagizo muhimu kwa ukamilifu, kwa kuwa kuitikia tu hakuthibitishi kwamba ameelewa. Mabadiliko hayo madogo yanaonyesha mahali wachunguzi walipoliona kosa, kwani hayakumlenga nahodha, ambaye alikuwa amekufa, yaliulenga mwanya ambao nahodha mwingine yeyote angeweza kuupita.

Paa la makuti

Reason alieleza ajali za namna hii kwa mfano wa vipande vya jibini lenye matundu vilivyosimamishwa kimoja nyuma ya kingine, na mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kuupata mfano huohuo juu ya kichwa chake. Hakuna kuti hata moja lisilopitisha maji, lakini fundi huyapanga moja juu ya jingine ili tone linalopenya la kwanza lidakwe na la pili au la tatu, na nyumba huvuja pale tu nyufa za makuti yote zinapokutana mahali pamoja. Katika usafiri wa anga, makuti hayo ni usanifu wa ndege, matengenezo yake, mafunzo, sheria za mapumziko, mnara wa kuongozea, orodha za ukaguzi na rubani wa pili, na rubani mkuu ni kuti la mwisho kabisa kwa upande wa ndani. Maji yakimdondokea aliyelala, ni rahisi kulilaumu kuti analoliona, ilhali yale ya juu, ambayo yalioza miaka mingi iliyopita kwa maamuzi ya watu wasiowahi kupanda ndege hiyo, hayaonekani mpaka mtu apande darini.

Mkuu naye asikie

Miongoni mwa makuti hayo, moja linagusa malezi ya watu kuliko teknolojia, nalo ni uhusiano wa mkubwa na mdogo. Tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya shirika la United ya Marekani ilizunguka karibu na mji wa Portland kwa takriban saa nzima huku nahodha akishughulikia hitilafu ya magurudumu, hadi mafuta yakaisha, injini zikazimika na ndege ikaanguka mjini, ambapo watu 10 kati ya 189 walikufa. Wenzake wawili walikuwa wakiiona mishale ya mafuta ikishuka na walimdokezea, lakini hawakumwambia kwa maneno yasiyokwepeka kwamba mafuta yanaisha. Mwaka uliofuata taasisi ya anga za juu ya Marekani, NASA, iliitisha kongamano kuhusu jambo hilo, na humo yakazaliwa mafunzo ya ushirikiano wa wafanyakazi wa ndege, ambayo humfundisha nahodha kuuliza na kusikiliza, na humfundisha msaidizi kusema hatari kwa jina lake, kupendekeza la kufanya, na kuchukua hatua asiposikilizwa.

Matunda yake yalionekana tarehe 19 Julai 1989, wakati injini ya mkiani ya ndege nyingine ya United ilipopasuka angani na kukata mifumo yote mitatu ya majimaji inayoendesha usukani, hali ambayo hakuna kitabu kilichokuwa na maelekezo yake. Nahodha Al Haynes aligawa kazi kwa wenzake, akamkaribisha mkufunzi wa marubani aliyekuwa miongoni mwa abiria ashike vidhibiti vya injini mbili zilizobaki, na kwa kuziongeza na kuzipunguza nguvu waliifikisha ndege katika uwanja wa Sioux City. Watu 112 walikufa katika kutua huko, lakini 184 walinusurika, na Haynes hakuchoka kusema hadharani kwamba mafunzo hayo ndiyo yaliyomwezesha.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana kumbukumbu ya karibu zaidi na yenye uchungu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliyokuwa ikielekea Nairobi ilianguka katika kinamasi cha mikoko muda mfupi baada ya kupaa kutoka Douala, Kameruni, na watu wote 114 waliokuwemo walikufa. Ripoti ya uchunguzi ilieleza kwamba nahodha alitamka agizo la kuwasha mfumo wa ndege kujiendesha, lakini mfumo huo haukuwaka wala hakuna aliyethibitisha kama umewaka, na ndege ikaanza kuinamia kulia polepole katika giza lisilo na alama yoyote ya upeo wa macho.

Hapo ndipo mwili wa binadamu unapomsaliti. Sikio la ndani lina mirija yenye majimaji ambayo husukumika mtu anapogeuka na kuuarifu ubongo, lakini mgeuko ukiwa wa taratibu sana majimaji hayo hayasukumiki vya kutosha, na mtu huamini kwamba amekaa wima huku ubavu mmoja ukishuka. Asipotazama vipimo, hatambui, na anapozinduliwa ghafla na king'ora, kama ilivyotokea Douala, huweza kugeuza usukani upande usiofaa, kwa kuwa hisia zake zote zinapingana na saa zilizo mbele yake. Ripoti ilitaja pia udhaifu wa ushirikiano kati ya nahodha mzoefu mwenye haiba ya kutawala na msaidizi kijana mwenye staha, hali inayofahamika sana katika jamii ambazo mtoto hulelewa akiambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo imewalea watu vyema kwa vizazi vingi, na heshima inayoifundisha haina budi kubaki, ila ndani ya chumba cha marubani heshima ya kweli kwa mkubwa ni kumwambia mapema kwamba anaipeleka ndege kubaya, na ukubwa wa mkubwa hupimwa kwa wepesi wake wa kusikia.

Kosa lililozaliwa ofisini

Mashine zilipochukua sehemu kubwa ya kazi ya rubani, ilitarajiwa kwamba makosa yangekwisha, na ni kweli kwamba safari za ndege zimekuwa salama mno kuliko zamani, lakini sehemu ya makosa ilihama tu kutoka angani kwenda kwenye meza za wasanifu. Ndege ya Boeing 737 MAX ilipewa programu ya kompyuta iliyoshusha pua ya ndege yenyewe inapodhani kwamba imeinuka kupita kiasi, na programu hiyo ilitegemea kihisi kimoja tu kati ya viwili vilivyokuwepo, huku marubani wakiwa hawakuelezwa kuwapo kwake katika vitabu vyao. Kihisi kilipotoa taarifa potofu, ndege ya Lion Air ilitumbukia baharini karibu na Jakarta tarehe 29 Oktoba 2018 na kuua watu 189, na tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa safarini kuelekea Nairobi ilianguka muda mfupi baada ya kuondoka Addis Ababa na kuua watu 157, Wakenya wakiwa kundi kubwa zaidi miongoni mwao. Baada ya ajali ya kwanza zilisikika sauti zilizoelekeza kidole kwa marubani wa nchi za kigeni, na miezi isiyozidi mitano baadaye familia nyingine zikalipa gharama ya kosa lililorudiwa ilhali onyo lilikuwa limeshatolewa.

Kukiri bila hofu

Mtu hawezi kuziba mwanya asioujua, na wanaoijua mianya ni wale waliokaribia kuanguka wakanusurika. Ndiyo maana Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ambacho huongoza uchunguzi wa ajali za ndege duniani, kinatamka kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba kugawa lawama au dhima ya kisheria si kazi yake. Kwa mwelekeo huohuo, tangu mwaka 1976 NASA inaendesha nchini Marekani mpango ambao rubani, fundi au mwongoza ndege huandika kosa lake mwenyewe, majina yakafutwa, na funzo likasambazwa kwa wote, na taarifa zaidi ya milioni moja zimepokelewa kwa njia hiyo.

Mpango wa namna hiyo hauwasamehe wote. Kile ambacho wataalamu hukiita utamaduni wa haki humtofautisha aliyeteleza au kughafilika na yule aliyerusha ndege akiwa amelewa au aliyehatarisha watu kwa kusudi, na huyo wa pili hubaki chini ya sheria. Kipimo kinachotumika ni kuuliza kama mtu mwingine mwenye ujuzi uleule, akiwekwa katika hali ileile, angeweza kufanya vivyo hivyo. Jibu likiwa ndiyo, kumfukuza aliyekosea hakutamlinda abiria wa kesho, kwani atakayeketi kwenye kiti chake atakuta mtego ukiwa umetegwa palepale.

Funzo hili limeshavuka mipaka ya viwanja vya ndege. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya ukaguzi wa usalama katika upasuaji, kwa kuiga zile za marubani, liliijaribu katika hospitali za miji minane duniani, ikiwemo Ifakara nchini Tanzania pamoja na miji kama London, Seattle na New Delhi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo baada ya upasuaji katika hospitali hizo kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Miongoni mwa mambo yanayotakiwa na orodha hiyo ni kwamba, kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake, ili muuguzi mdogo kuliko wote awe ameshaisikia sauti yake mwenyewe mbele ya daktari mkuu kabla hajahitaji kuitumia kuokoa maisha. Mhandisi wa ndege ya KLM aliuliza swali sahihi mara moja, akajibiwa, akanyamaza. Kila msaidizi anayeuliza mara ya pili leo, awe angani au katika chumba cha upasuaji, anaupitia mlango uliofunguliwa na swali lile.